Bahasha ya Mwalimu wa Havana

Mzee Mbonimpa alikuwa ameshaifungua. Tuliseme hilo mapema, asije mtu akasubiri muujiza. Aliifungua Jumamosi mchana, mwanzoni mwa Desemba mwaka 1990, kwa kisu cha kumenyea ndizi, mbele ya mkewe Mukabera, katekista Anastazi na majirani kama kumi hivi, wote wameketi kwenye nyasi za uani pale Kaisho, karibu na mpaka wa Rwanda, kama watu waliokuja kuhani. Na bahasha yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya binti yake, Anonciata.

Lakini msimcheke. Watu wa nyumba ile asili yao ni Rwanda, na ndugu zao wametapakaa, wengine Uganda, wengine Burundi, wengine hawajulikani hata walipo. Kwao barua ya mbali haifunguliwi na mtu mmoja. Ikiwa ni ya kifo, nani atamshika huyo msomaji? Kwa hiyo barua huitiwa watu, ikafunguliwa hadharani na kusomwa kwa sauti. Ikiwa ni njema, watu hunywa rubisi, pombe yao ya ndizi, wakaenda zao. Ikiwa ni mbaya, waliaji wanakuwa wameshafika. Na tangu vita vianze kule Rwanda mwezi Oktoba, barua njema zilikuwa zimeadimika. Evaristi, mtoto wa marehemu kaka yake Mbonimpa, alitoka Uganda akaenda vitani, na hakusikika tena.

Sasa Anastazi anatoka parokiani na bahasha pana ya kaki. Mdomo wa bahasha umebandikwa utepe, juu ya utepe mtu amepitisha saini ya wino mweusi, na juu ya saini pamegongwa muhuri.

"Katekista, umewahi kuona barua imefungwa namna hii?" Mbonimpa aliuliza.

"Sijawahi, mzee wangu."

"Basi hii ni ya jeshi."

"Juu imeandikwa Anonciata."

"Barua zote za nyumba hii huandikwa Anonciata. Si ndiye msomi?"

Deodatha, jirani yao mwenye ulimi usiolala, alikuwa na ungo wa senene mapajani, anawanyonyoa mabawa. "Fungua tu, shemeji," alisema. "Kama Evaristi amekufa, hatutamfufua kwa kuikodolea macho bahasha."

Akafungua. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyojaa maandishi ya mashine, na hapakuwa na neno hata moja walilolijua. Anastazi aliisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akatingisha kichwa. "Si Kilatini," alisema, "lakini ni jirani yake." Mukabera hakungoja zaidi. Alianza kulia kabisa, akiba, ili asije akacheleweshwa.

Hivyo ndivyo Anonciata alivyowakuta saa tisa alipotokea kwenye migomba, begi kichwani, shule zimefungwa. Alikuwa mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja upande wa Kayanga, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Alipoona watu wamekaa chini, alitua begi palepale njiani.

"Nani?" aliuliza.

"Hatujui, mwanangu," baba yake alijibu. "Tunakungoja wewe utuambie."

Aliipokea karatasi. Halafu akaiona bahasha iko kwenye nyasi, mdomo wazi, kisu juu yake. Aliinama akaiokota, akapitisha kidole pale utepe ulipokatwa, hata Deodatha akaacha senene wake.

"Hakuna aliyekufa," Anonciata alisema. "Ni barua ya mwalimu wangu wa Havana. Inanihusu mimi."

"Aa! Basi tusomee."

Na angefanya nini? Watu kumi wameacha shughuli zao, mama yake ana machozi mashavuni. Akawasomea, akitafsiri sentensi moja baada ya nyingine.

"Nimefundisha Kihispania miaka ishirini na miwili. Anonciata Kantengwa alipofika darasani kwangu hakujua hata kuomba maji. Miaka mitano baadaye alikuwa akiwasahihisha wenzake waliozaliwa na lugha hii. Hajawahi kuniomba nimwonee huruma. Kama ningekuwa na nafasi moja tu ya kumpa mtu duniani, ningempa yeye."

Vigelegele vililipuka. Anastazi alipiga makofi, Deodatha alikumbatia ungo wake. Mbonimpa peke yake ndiye hakupiga kelele.

"Rudia hapo pa kuomba maji," alisema.

Anonciata akarudia. Alipofika kwenye nafasi moja tu duniani, alijifunika uso kwa barua, akaingia jikoni. Watu walisema ni furaha. Rubisi ikaletwa.

*

Jikoni mama yake alimkuta amekaa kwenye kigoda, barua mapajani.

"Mama, baba ameniharibia."

"Barua inayokusifu vile?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nyumba nzima ile iliyajua masharti ya digrii ya pili. Anonciata alikuwa ameyanakili kwa mkono na kuyabandika ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria, na Mukabera aliweza kuyataja kama anavyotaja mafumbo ya rozari. Chuo kikuu kimoja cha Amerika kilikuwa kinachukua wanafunzi wa Kihispania na Kireno, na atakayechaguliwa angesomeshwa huku akifundisha wanafunzi wa chini yake, bila baba yake kuuza hata mbuzi. Kilitaka cheti cha digrii ya kwanza na matokeo yake. Insha ya kurasa kumi kwa Kihispania. Kaseti ya sauti yake akizungumza lugha hiyo, ambayo aliirekodi parokiani kwa redio ya padri, na jogoo wa padri akachangia maoni yake mara mbili. Ahadi kwamba atajifunza Kireno kabla ya mwaka wa pili kwisha. Na barua mbili za walimu. Vyote katika kifurushi kimoja, viwe vimefika kabla ya tarehe kumi na tano Februari.

"Barua mbili," Mukabera alisema. "Ya mkuu wa shule unayo. Ya Havana hii hapa. Sasa kilichoharibika ni nini?"

"Lazima ziwe zimefungwa, mama. Mwenyewe anaandika, anafunga, anatia saini juu ya mdomo wa bahasha. Mimi sitakiwi kujua ameandika nini. Ikishafunguliwa, si barua tena."

"Mbona hilo la kufungwa hukutuambia?"

Ni kweli, Anonciata hakuwaambia. Hata ukutani aliandika barua mbili, basi. Na alitumia sanduku la posta la parokia kwa sababu shuleni barua zilikuwa zikifika zimeshachunguliwa. Alikimbilia nyumbani, mahali pa usalama.

"Si umwandikie atume nyingine?"

"Hii imechukua miezi mitano. Na mwalimu mwenyewe ameshastaafu, amerudi kwao Santiago, anwani siijui."

Miaka miwili sasa tangu arudi kutoka Kuba, hakuwa amepata mtu hata mmoja wa kuzungumza naye Kihispania. Shule hazikifundishi. Wizarani walimwambia, Mwalimu, hapa kuna upungufu wa walimu wa Jiografia. Sokoni walimwita Mkuba. Kila asubuhi alipokwenda darasani alijisemea mwenyewe, kwa sauti ya chini, ili lugha isimfie kinywani. Siku moja wanafunzi walimsikia, wakaenda kusema mwalimu ana mapepo. Digrii hii ilikuwa mlango wake mmoja. Hakukuwa na mwingine.

Nyuma ya ukuta wa jikoni Mbonimpa alikuwa amesimama na kikombe cha rubisi alichokuwa anamletea binti yake. Alisikia yote. Aliimwaga ile rubisi kwenye mgomba, taratibu, akarudi kwa wageni. Kesho yake kanisani watu walimpa mkono, wakimwita baba wa msomi, naye akaitikia huku anatazama viatu vyake.

*

Novatus, mfanyabiashara wa Kihaya kutoka Muleba, mwenye duka kubwa kuliko yote pale Kaisho, alisikiliza shida ya Anonciata huku ameegemea kaunta.

"Mwalimu, hili ndilo la kukunyima usingizi? Bahasha za kaki ninazo. Utepe ninao. Saini yenyewe ile, nipe dakika tano."

"Na muhuri?"

"Muhuri wa Kuba nani anaujua? Gonga hata chini ya chupa ya soda." Akacheka, lakini akampa bahasha na utepe, na hakutaka malipo. "Chukua. Mtoto wa hapa akifika Amerika, tumefika sote."

Msimhukumu Anonciata pia. Alivichukua. Jioni hiyo, jua bado lipo, alikaa kibarazani na karatasi za mtihani za zamani, akajaribu saini ya mwalimu wake mara ishirini, thelathini. Ya thelathini na moja ilifanana kabisa.

"Unafanya nini?" Baba yake alikuwa amesimama mbele yake na jembe begani.

"Natengeneza, baba."

"Unatengeneza au unadanganya?"

"Ulitaka nifanyeje?" Hakuwahi kumpandishia baba yake sauti, siku hiyo alimpandishia. "Miaka miwili nangoja! Hukuweza kuningoja mimi nusu siku?"

Mukabera alitoka jikoni mbio, akadhani kumeingia nyoka. Mbonimpa aliweka jembe chini, akakaa kwenye ngazi, chini ya binti yake.

"Sikuweza," alisema. "Niliona saini ile nikasema ni Evaristi. Niliogopa." "Lakini yule mwalimu amesema hujawahi kuomba huruma. Hakusema hujawahi kudanganya, ila nadhani alidhani haina haja ya kusema. Kosa ni langu, mwanangu. Nipeleke mahali ambapo kosa huandikwa."

Anonciata alimtazama. Mahali hapo palikuwepo. Mtu anaweza kuapa mbele ya hakimu, ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Chuo kingekubali au kisingekubali, Mungu anajua, lakini palikuwepo.

"Ni Kayanga, baba. Mahakamani."

"Mbonimpa, una wazimu?" Mukabera alisema. "Ofisini? Wewe? Na wakati huu wa vita, watu wenyewe wanatuangalia vile?"

Maana jina la Mbonimpa halikuwa katika daftari lolote. Miaka kumi nyuma, karatasi za uraia zilipogawiwa kwa watu wa asili yake, yeye alisikia magari, akadhani wamekuja kuwazoa, akajificha kwenye migomba siku mbili. Mukabera alichukua ya kwake. Anonciata alipata ya kwake shuleni. Yeye alipotoka migombani, maofisa walikuwa wameshaondoka, na tangu hapo kila mwaka alisema atakwenda mwakani. Kahawa yake aliiuza kwa jina la Anastazi. Ofisi aliipita kwa mbali, hata ya kijiji.

"Nitavaa koti," alisema.

*

Kule Kayanga karani wa mahakama aliwaamkia vizuri, tuseme haki yake. "Shikamoo mzee," alisema, na Mbonimpa akaitika kwa sauti ndogo, kofia mikononi. Karani huyo aliitwa Egbert, kijana wa kalamu tatu mfukoni. Nyuma yao kulikuwa na foleni ya watu wa mashamba na watu wa talaka, na chumba kilikuwa kidogo, kila neno likisikika.

"Jina?"

"Mbonimpa."

"Binti yako?"

"Anonciata Kantengwa."

"Kantengwa ni nani, babu yake?"

"Ni jina lake."

Egbert aliinua kichwa. "Mzee, jina la baba liko wapi?"

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Langu hanalo."

"Sasa nitajuaje kama huyu ni binti yako?" Kwenye foleni mtu alicheka. "Vyeti vyote hivi, cha shule, cha Kuba, wewe humo. Humo hata mahali pamoja."

"Ni baba yangu," Anonciata alisema. Uso ulikuwa unamwaka. "Angalia pua, bwana karani, kama vyeti havikutoshi."

Foleni ilicheka tena, safari hii upande wao. Egbert naye akatabasamu, akainamia mashine yake. Akauliza swali lililofuata bila ubaya wowote, kwa kuwa ndilo lililofuata kwenye fomu.

"Uraia?"

Mbonimpa aliigeuza kofia mara moja, mara mbili. Anonciata alitaka kusema neno, baba yake akamshika mkono. Vidole vya karani vikasubiri juu ya mashine.

"Hiyo nitamjibu hakimu," alisema.

Hakimu Rwezaura alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Aliisoma karatasi, akaitazama bahasha, akamtazama Mbonimpa.

"Umetoka Kaisho kuja kujishitaki kwa kufungua barua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Miaka kumi na minne nakaa kwenye kiti hiki. Watu huja hapa kuapa kwamba hawakufanya." Alivua miwani, akaifuta. "Uraia pako wazi. Tuandike nini?"

"Sina karatasi, Mheshimiwa. Walipogawa nilikuwa nimejificha. Naapa leo kwa Biblia, siwezi kuanza na uongo."

Anonciata alifumba macho. Nje mtu alikuwa ananadi nyanya.

"Kiapo hiki kinahusu barua," hakimu alisema mwishowe. "Nitaandika mkulima na mkazi wa Kaisho. Hilo ni kweli?"

"Ni kweli. Miaka ishirini na tisa."

"Lakini nimekusikia, mzee, na siwezi kujifanya sikukusikia. Baada ya Krismasi njoo na watu wawili wanaokujua, uende ofisi ya uhamiaji ujieleze. Usiponiona umekuja, nitakutafuta."

"Nitakuja," alisema Mbonimpa, na akaweka mkono juu ya Biblia.

Kiapo kilikuwa kifupi. Mimi, Mbonimpa, naapa kwamba ndimi niliyeifungua bahasha hii kwa kisu changu, nikidhani ni habari ya kifo, kwa kuwa ndivyo desturi yetu ilivyo. Binti yangu hakuwapo. Barua iliyomo haijabadilishwa hata neno. Aliandika jina lake mwenyewe chini, herufi moja moja, ulimi nje kidogo. Anonciata alikaa kwenye benchi nje ya posta, akakitafsiri kwa Kihispania, akaviambatanisha vyote na kuvituma kwa rejista. Stempu zilikula theluthi ya mshahara wake. Wakanunua chapati mbili, wakarudi na lori la kahawa.

*

Januari Mbonimpa alirudi Kayanga na Anastazi na Novatus kama mashahidi. Aliambiwa faili limefunguliwa, aje Februari. Februari akaambiwa aje Machi. Alikwenda kila alipoambiwa, na koti lile lile.

Machi hiyo ndipo barua ya Evaristi ilipokuja kweli. Ilikuwa bahasha ya buluu, nyepesi, haina utepe wala saini, mdomo wenyewe umebanduka nusu njiani. Waliiitia watu, Anastazi akasoma kwamba Evaristi amekufa vitani, na Mbonimpa alipoanguka alikuwa na mikono sita ya kumshika. Anonciata alikuwa likizo. Alikuwa mmoja wa waliomshika, na tangu siku hiyo hakuitaja tena bahasha ya Havana kwa uchungu.

Jumapili moja ya Mei, baada ya misa, Anastazi alimpa Mbonimpa bahasha nyeupe, nene, yenye stempu za Amerika. Watu walianza kuja uani bila kuitwa. Deodatha alikuja na kigoda chake.

"Fungua, shemeji! Tunangoja nini?"

"Haifunguliwi."

"Lo! Leo umekuwa Mzungu?"

"Nimesema haifunguliwi, Deodatha. Kunywa maji uende."

Alilala nayo chini ya godoro. Jumatatu alfajiri alivaa koti, akaifunga bahasha kwenye kitenge cha Mukabera, akapanda lori. Saa nne alikuwa kwenye lango la shule. Anonciata aliitwa, akatoka darasani na chaki mikononi, na alipomwona baba yake amevaa koti, akasimama palepale.

"Nani, baba?"

"Hakuna mtu. Ni yako." Akakifungua kitenge, akampa kwa mikono miwili. "Angalia mdomo. Mimi sikugusa."

"Kaa basi tusome."

"Hapana. Soma kwanza mwenyewe." Akaenda hatua ishirini, akakaa kwenye jiwe chini ya mti wa mgravilia, akampa mgongo.

Anonciata alichana bahasha. Alisoma amesimama, akasoma tena amechuchumaa. Mbonimpa alihesabu magari mawili barabarani, halafu akasikia anaitwa, na kwa sauti ile hakuweza kujua kama ni heri au ni shari. Alikwenda polepole.

"Wamenichukua," alisema Anonciata. Alikuwa analia wazi wazi, chaki imeingia mashavuni. "Baba, wamenichukua! Nifike Agosti. Na Kireno nianze mwaka huo huo."

"Eh, Mungu wangu." Mbonimpa alivua kofia. "Na ile barua?"

"Ngoja nikusomee." Akatafsiri, kwa lugha ya nyumbani. "Kwa kanuni zetu, barua iliyofunguliwa haipokelewi. Kamati imeijadili. Baada ya kusoma kiapo cha bwana Mbonimpa wa Kaisho, imeamua kuipokea kama iliyofungwa."

Mwezi ule faili la mzee kule uhamiaji lilikuwa bado linashughulikiwa.

"Rudia hapo," alisema.

"Imeamua kuipokea kama..."

"Si hapo. Hapo nyuma. Penye jina langu."

Akarudia. Kisha akamwonyesha mstari wenyewe. Mbonimpa alifuta kidole kwenye koti, akakiweka pale chini ya jina, na hakukiondoa mpaka kengele ya kipindi ilipogongwa na mwanawe akarudi darasani.